Richard Francis Burton

Sir Richard Francis Burton (Torquay, Uingereza, 19 Machi 1821 – Trieste, leo nchini Italia, 20 Oktoba 1890) alikuwa mwanajeshi, mpelelezi, konsuli, mfasiri na mwandishi kutoka Uingereza. Katika historia ya Afrika ya Mashariki anajulikana kama kiongozi wa msafara wa miaka 1857–1859 uliofuata njia ya misafara kutoka pwani, kupitia Kazeh (yaani Tabora), hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Yeye na mwenzake John Hanning Speke walikuwa Wazungu wa kwanza wanaojulikana kuliona ziwa hilo, ingawa wenyeji na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walilijua tangu zamani.

Burton ni pia mmoja wa watu wa karne ya 19 ambao msimamo wao kuhusu dini umejadiliwa sana. Alibatizwa katika Kanisa Anglikana, alisoma Uhindu kwa walimu wake Wahindi, aliingia katika tarika ya Kisufi, alihiji Makka, alioa mwanamke Mkatoliki na alizikwa kwa ibada za Kikatoliki. Hata hivyo maandishi yake, hasa shairi refu alilolitoa mwaka 1880 kwa jina la kubuni, yanaonyesha mtu ambaye hakusadiki mafundisho ya dini yoyote kwa ukamilifu, na aliyeona kwamba wajibu wa binadamu ni kutenda mema bila kutazamia thawabu baada ya kufa. Swali la kama alikuwa Mwislamu, Mkristo au mtu asiye na dini lilianza wakati wa uhai wake, likawa ugomvi wa wazi alipofariki.

Utoto na masomo

Burton alizaliwa Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, Joseph Netterville Burton, alikuwa afisa wa jeshi mwenye asili ya Ireland. Mama yake aliitwa Martha Baker. Familia ilihamahama kati ya Ufaransa na Italia, hivyo mtoto alikua bila kuwa na mji mmoja wa kuuita nyumbani. Alijifunza lugha kadhaa za Ulaya mapema, na kipaji cha lugha kilibaki naye maisha yote.

Baba yake alitaka awe kasisi wa Kanisa Anglikana. Kwa lengo hilo alipelekwa Chuo cha Trinity, Oxford, mwaka 1840. Burton hakuwa na hamu ya kazi hiyo. Alianza kujifunza Kiarabu peke yake, na mwaka 1842 alifukuzwa chuoni baada ya kwenda kutazama mbio za farasi kinyume cha amri. Mwaka huohuo alijiunga na jeshi la Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi ya Mashariki.

Uhindi: kati ya dini nyingi

Alikaa Uhindi kuanzia 1842 hadi 1849, kwanza Baroda katika Gujarat, baadaye Sindh, ambayo leo ni sehemu ya Pakistan. Alijifunza Kihindustani, Kigujarati, Kimarathi, Kisindhi na Kiajemi, na kuendelea na Kiarabu. Maafisa wenzake walishangaa kumwona akikaa muda mrefu na walimu wa nchi hiyo kuliko na Waingereza.

Kwa Burton lugha na dini vilikwenda pamoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwalimu wake Mhindu, aliyekuwa wa tabaka la Wabrahmini, alimruhusu kuvaa uzi mtakatifu wa tabaka hilo. Baadaye alisoma Kurani na kuingia katika tarika ya Kadiriyya, moja ya tarika kubwa za Kisufi.

Wasomi hawakubaliani kuhusu maana ya hatua hizo. Wengine wanaona alikuwa mchunguzi tu aliyetaka kuijua kila dini kutoka ndani. Wengine wanadhani Usufi ulimgusa kwa kweli. Lililo wazi ni kwamba aliondoka Uhindi akiwa amezoea kulinganisha dini, kila moja akiitazama kwa macho ya waumini wa dini nyingine. Mazoea hayo ndiyo yaliyozaa mashaka yake ya baadaye.

Makka na Harar

Mwaka 1853 Burton alisafiri kutoka Misri hadi Madina na Makka akijifanya tabibu Mwislamu mwenye asili ya Afghanistan, kwa jina la Shekhe Abdullah. Aliingia Makka mwezi Septemba na kutimiza ibada za hija pamoja na mahujaji wengine. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa kuanzia mwaka 1855 na kumpa umaarufu mkubwa. Ndani yake anakiri kwamba alipofika mbele ya Kaaba, wakati mahujaji waliomzunguka walijawa na ibada, yeye alijawa hasa na fahari ya kufaulu.

Kwa Waislamu wengi jambo hilo lilikuwa udanganyifu mahali patakatifu. Burton alijitetea akisema kwamba aliijua dini hiyo na kuiheshimu. Baadhi ya Wakristo wa Uingereza nao walimshutumu kwa kusali kama Mwislamu. Hivyo tangu ujana wake alishukiwa na pande zote mbili.

Mwezi Januari 1855 aliingia Harar, mji wa Kiislamu uliopo leo Ethiopia, ambao wageni Wakristo walikatazwa kuuingia. Miezi michache baadaye kambi yake ilishambuliwa Berbera katika Somalia. Mkuki ulimpenya mashavu yote mawili, na kovu lake lilionekana usoni hadi mwisho wa maisha yake.

Kutoka Zanzibar hadi Unyamwezi

Mwaka 1856 wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliofanya kazi kwenye pwani ya Kenya na Tanzania za leo, walisambaza ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katika bara, waliloliita bahari ya Unyamwezi. Waliichora kufuatana na habari walizozipata kwa wasafiri wa misafara. Shirika la Kifalme la Jiografia la London likamtuma Burton kuchunguza jambo hilo. Alimchukua Speke, aliyekuwa pamoja naye Berbera.

Walifika Zanzibar mwezi Desemba 1856, wiki chache baada ya habari ya kifo cha Sultani Said bin Sultan kufika kisiwani. Mwanzoni mwa 1857 walitembelea Mombasa, ambako Burton alikutana na Rebmann, kisha Pangani na Fuga katika Usambara, makao ya mfalme Kimweri. Mzee huyo aliyekuwa mgonjwa alitumaini kwamba mgeni ni mganga mwenye dawa ya kumrudishia nguvu.

Mwezi Juni 1857 msafara ulivuka kutoka Zanzibar na kuanza safari ya bara kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo. Burton hakujificha kama alivyofanya Makka. Alisafiri kama afisa Mwingereza, akiwa na barua za Sultani Majid na bendera nyekundu ya Zanzibar mbele ya msafara. Kiongozi wa msafara alikuwa Said bin Salim, aliyeteuliwa Zanzibar. Walikuwepo askari Wabaluchi, wapagazi Wanyamwezi, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa utumwani na kupelekwa Uhindi, kisha akarudi Afrika baada ya kupata uhuru. Bombay baadaye aliwaongoza wapelelezi wengine kadhaa na kupata nishani ya fedha ya Shirika la Kifalme la Jiografia.

Njia waliyoifuata haikuwa mpya. Ilikuwa njia ya Wanyamwezi wenyewe, waliobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo, shanga na waya. Katika Ugogo kila msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita. Wapagazi wengi walitoroka njiani, punda walikufa, na Wazungu wote wawili walishikwa na homa kali. Msafara uliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, baada ya mwendo ambao Burton aliukadiria kuwa maili 600, karibu kilomita 970.

Kazeh

Kazeh ilikuwa makao ya wafanyabiashara Waarabu katika nchi ya Unyanyembe, iliyotawaliwa wakati ule na mtemi Fundikira. Hapo njia ya kutoka pwani iligawanyika: moja ilielekea Ujiji upande wa magharibi, nyingine Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Waarabu waliishi katika matembe, nyumba kubwa za udongo zenye paa bapa na ua katikati. Hapakuwa na kanisa wala mmisionari.

Burton alipokewa na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, ambaye alianza maisha kama mtengenezaji wa vitamu mjini Maskati na sasa alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu na watumwa katika bara. Mgeni alipewa nyumba ya kukaa, na Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi, alikuwa safarini Karagwe. Snay alikuwa mtu wa vitabu. Alimweleza Burton habari za nchi, watawala na njia, na kumsaidia kukusanya maneno ya lugha za bara. Sehemu kubwa ya yale ambayo Burton aliyaandika kuhusu maziwa na falme za kaskazini, ambazo hakuzifikia mwenyewe, ilitoka kwa mwenyeji wake huyo.

Burton aliusifu sana ukarimu wa Waarabu wa Kazeh na kuulinganisha kwa ubaya na tabia za Waafrika. Hata hivyo mali ya wenyeji wake ilitegemea kazi ya watumwa na jasho la wapagazi, na yeye mwenyewe aliyaona hayo kila siku. Alijikuta akistarehe kwa wasomi wa Kiarabu, miongoni mwa watu ambao kwao kuzungumza juu ya ushairi, sheria na dini kulikuwa burudani ya jioni, bila ya kuwa mwenzao katika imani.

Ziwa Tanganyika na ugomvi na Speke

Msafara uliondoka Kazeh katikati ya Desemba 1857. Burton alikuwa mgonjwa hata miguu ikapooza, akabebwa kwa machela. Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Tarehe 13 Februari 1858 waliliona Ziwa Tanganyika, na muda mfupi baadaye wakafika Ujiji. Kwa mitumbwi walikwenda kaskazini hadi Uvira, wakaelezwa kwamba mto Rusizi huingia ziwani badala ya kutoka. Habari hiyo ilivunja tumaini kwamba Tanganyika ni chanzo cha Nile.

Walirudi Kazeh mwezi Juni. Burton alibaki akiandika na kupata nafuu, na Speke alikwenda kaskazini kwa wiki sita. Mwanzoni mwa Agosti 1858 Speke alilifikia ziwa kubwa la Nyanza, akalipa jina la malkia Viktoria wa Uingereza, na kusadiki kwamba ndilo chanzo cha Nile. Burton aliona ushahidi hautoshi. Urafiki wao uliharibika hapo.

Speke alitangulia kufika London mwezi Mei 1859 na kutangaza ugunduzi wake. Mabishano yaliendelea miaka mitano. Mwezi Septemba 1864 walitakiwa kukutana hadharani katika mkutano wa wanasayansi mjini Bath, lakini Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe katika uwindaji siku moja kabla ya mdahalo. Mwaka 1875 safari ya Henry Morton Stanley ilithibitisha kwamba kimsingi Speke alikuwa sahihi.

Msafara ulileta ugomvi mwingine ambao hautajwi mara nyingi. Baadhi ya watu waliomfuata Burton hadi Ujiji walidai kwamba hawakulipwa walichoahidiwa na marehemu konsuli Atkins Hamerton. Burton alijibu kwamba hawakustahili kwa sababu ya uvivu na utoro. Konsuli mpya wa Zanzibar, Christopher Rigby, aliwaunga mkono, Speke naye akakubaliana na Rigby, na Burton alikaripiwa na serikali ya Kiingereza ya Uhindi.

Mtazamo wake kuhusu Waafrika na dini zao

Mwaka 1860 Burton alitoa kitabu cha majuzuu mawili kuhusu maeneo ya maziwa ya Afrika ya Kati. Hadi leo ni chanzo muhimu kwa historia ya njia ya misafara: kinaeleza bei, mizigo, vyakula, ujenzi, mavazi, koo na lugha. Lakini kimejaa pia dharau dhidi ya Waafrika. Mwaka 1863 Burton alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Shirika la Anthropolojia la London, ambalo wanachama wake wengi walifundisha kwamba watu weusi ni wa daraja la chini kwa maumbile. Fundisho hilo halina msingi wa kisayansi.

Dharau hiyo inaonekana wazi anapoandika juu ya dini. Alidai kwamba watu wa bara hawakuwa na dini ya kweli, na kwamba kutomjua Mungu ni hali ya asili ya binadamu asiyeelimika. Wanyamwezi, ambao aliishi kati yao kwa miezi mingi, walikuwa na jina la Mungu muumba, kama vile Likube, na desturi nyingi za kuwaheshimu mizimu ya wazee waliotangulia. Burton aliziona desturi hizo na kuziandika, lakini aliziita ushirikina.

Hapa kuna kinyume kinachostahili kuangaliwa. Mwaka 1860 kutoamini kulikuwa kwake alama ya ujinga alipokuona, au kudhani amekuona, kwa Mwafrika. Miaka 20 baadaye katika shairi lake mashaka yalikuwa kilele cha hekima ya mtu aliyesafiri na kusoma sana. Kukosa dini hakukumwondolea ubaguzi wa wakati wake, na ukali aliouelekeza kwa mafundisho ya makasisi hakuuelekeza kwa mafundisho ya rangi.

Vilevile alikosoa umisionari. Katika vitabu vyake kuhusu Afrika aliandika kwamba Uislamu ulifaa zaidi kwa watu wa bara hili kuliko Ukristo ulioletwa na Wazungu. Maoni hayo yaliwaudhi wasomaji wengi wa Uingereza, ambako jina la David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, lilipendwa mno.

Ndoa na kazi ya ukonsuli

Tarehe 22 Januari 1861 Burton alimwoa Isabel Arundell katika kanisa la Kikatoliki mjini London, bila idhini ya mama yake bibi arusi. Isabel alikuwa Mkatoliki mwenye imani thabiti. Hawakupata watoto. Kwa miaka karibu 30 waliishi pamoja kwa mapenzi, mmoja akisali kila siku kwa ajili ya kuongoka kwa mwingine.

Burton alikuwa konsuli katika kisiwa cha Fernando Po (leo Bioko, Guinea ya Ikweta) kuanzia 1861, kisha Santos nchini Brazil kuanzia 1865, na Dameski kuanzia 1869. Aliipenda kazi ya Dameski kuliko zote, lakini aliondolewa mwaka 1871. Sababu zilikuwa nyingi: malalamiko ya gavana wa Kituruki, ugomvi na wakopeshaji fedha, na lawama kwamba mkewe alionyesha ari ya dini kupita kiasi katika nchi yenye madhehebu mengi. Kuanzia 1872 hadi kifo chake alikuwa konsuli mjini Trieste, bandari ya Austria-Hungaria. Mwaka 1886 alipewa cheo cha Sir.

Huko Trieste alifanya kazi zake kubwa za ufasiri. Alishiriki katika kutoa Kama Sutra kwa Kiingereza mwaka 1883, na kuanzia 1885 alichapisha Alfu Lela Ulela katika majuzuu kumi, yakifuatwa na sita ya nyongeza.

Kasida ya mwaka 1880

Mwaka 1880 kilitoka London kitabu kidogo kilichodaiwa kuwa tafsiri ya kasida ya Haji Abdu wa mji wa Yezd katika Uajemi. Mfasiri alitajwa kwa herufi mbili tu. Kwa kweli Haji Abdu hakuwahi kuwepo: shairi na maelezo yake vilitungwa na Burton mwenyewe. Nakala chache sana ziliuzwa.

Kwa Waswahili kasida ni shairi la kumsifu Mtume au mtu mwema. Burton alilichukua jina hilo kwa shairi la mashaka. Msemaji wake ni mzee aliyehiji na kuzunguka dunia, ambaye anazipima dini moja baada ya nyingine. Anaona kwamba kila taifa linamfikiria Mungu kwa sura yake lenyewe, na kwamba kila dini ina sehemu ya ukweli na hukosea inapodai kuwa nao wote. Pepo na moto wa jehanamu anaviona kuwa hadithi. Dhamiri nayo anaiona kama zao la mahali na wakati alipozaliwa mtu.

Shairi haliishii katika kukana. Linashauri mtu ajiendeleze kwa elimu, awahurumie wengine, atende lililo jema kwa sababu ni jema, na asitafute sifa ila kutoka nafsini mwake. Kwa sababu hiyo wasomaji wengi wameliweka karibu na falsafa ya utu, inayoona kwamba maadili yanaweza kusimama juu ya akili na huruma ya binadamu bila kutegemea amri kutoka mbinguni.

Kwa nini atumie jina la kubuni? Uingereza ya wakati ule haikumfunga mtu kwa kukosa imani tu, lakini gharama yake ilijulikana. Mwaka 1866 Charles Bradlaugh alianzisha chama cha kitaifa cha watu waliotaka serikali isifungamane na dini. Alipochaguliwa kuwa mbunge mwaka 1880, mwaka uleule wa kasida, alizuiwa kukaa bungeni kwa sababu ya suala la kiapo kwa jina la Mungu, na hakukaa kwa uhakika hadi 1886. Mwanasayansi Thomas Huxley alikuwa amebuni mwaka 1869 neno la uagnostiki, yaani msimamo wa kwamba binadamu hawezi kujua kama Mungu yupo au hayupo. Burton alikuwa mtumishi wa serikali, na mume wa mwanamke ambaye habari hizo zingemuumiza.

Tofauti na Bradlaugh, Burton hakuwa mtu wa vyama vya fikra huru. Msimamo wake haukumpatia jumuiya. Wasomi wengine humwita mkanamungu, wengine mwagnostiki, wengine Msufi asiye na msikiti. Yeye hakuchagua jina lolote kati ya hayo hadharani.

Kifo na ugomvi wa mazishi

Burton alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini Trieste alfajiri ya tarehe 20 Oktoba 1890. Isabel alimwita padre, ambaye alimpaka mafuta ya wagonjwa. Kwa maoni ya daktari wa nyumba, mgonjwa alikuwa amekwisha kufa. Isabel alishikilia kwamba uhai ulikuwa bado, na kwamba mumewe moyoni alikuwa Mkatoliki. Mazishi ya Kikatoliki yalifanyika Trieste, na tarehe 15 Juni 1891 mwili ulizikwa katika makaburi ya Kanisa Katoliki la Mortlake, London.

Ndugu na marafiki wengi walikasirika. Mshairi Algernon Swinburne, rafiki yake aliyekuwa ameliacha kanisa, alitunga maombolezo yaliyowashambulia makasisi. Mpwa wake Georgiana Stisted alitoa mwaka 1896 kitabu kilichokana kabisa habari ya kuongoka kwake. Hasira iliongezeka ilipojulikana kwamba Isabel alikuwa amechoma moto mswada wa tafsiri ya mwisho ya Burton, ya kitabu cha Kiarabu kuhusu mapenzi. Baadaye shajara zake nyingi pia ziliteketezwa. Isabel aliamini anailinda heshima na roho ya mumewe. Matokeo yake ni kwamba ushahidi ambao ungeweza kumaliza ubishi umepotea.

Isabel alitoa wasifu wa mumewe mwaka 1893, akafariki 22 Machi 1896. Amezikwa pamoja naye.

Tabora baada ya Burton

Snay bin Amir aliuawa miaka michache baada ya ziara ya Burton katika vita kati ya Waarabu na mtemi Manwa Sera. Mwaka 1872 Livingstone alikaa katika tembe la Kwihara karibu na Tabora baada ya kukutana na Stanley huko Ujiji. Tembe hilo sasa ni makumbusho. Miaka ya 1880 Mapadre Weupe walikuwa na misheni Kipalapala. Tarika ya Kadiriyya, ambayo Burton aliijua kutoka Sindh, ilienea Tabora kuanzia mwisho wa karne ya 19 na kuufanya mji uwe mmoja wa vituo vyake vikuu katika bara.

Leo Tabora ina misikiti na makanisa mengi, na katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa kubadili dini yake, na kuweka shughuli za dini nje ya mamlaka ya nchi.

Tathmini

Katika vitabu vya historia ya Tanzania Burton hutajwa kwa kifupi, pengine kwa mstari mmoja kuhusu Ziwa Tanganyika. Kazi yake inastahili kusomwa kwa uangalifu zaidi. Kama shahidi wa njia ya misafara hana wa kulinganishwa naye kwa wingi wa habari. Kama mwamuzi wa watu waliombeba na kumlisha mara nyingi hakuwa wa haki.

Katika suala la imani, maisha yake yanaonyesha ugumu wa mtu aliyekaa nje ya dini zote katika zama ambazo kila mtu alitakiwa kuwa na yake. Kaburi la Mortlake limejengwa kwa mawe katika umbo la hema la Kiarabu. Lina msalaba wa Kikristo, na pia nyota na mwezi mwandamo. Alama hizo zilichaguliwa na mkewe.